Shamba Linalozama Mara Mbili kwa Siku

Maji yakipwa Jambiani, kusini-mashariki ya Unguja, bahari huondoka kweli. Hairudi nyuma hatua chache ikasimama; huenda zake hadi mwambani, kule ambako povu jeupe halikatiki, na huku nyuma huacha wazi nchi nzima iliyokuwa imefichwa: mchanga wenye mikunjo, madimbwi yenye visamaki vilivyochelewa kuondoka, majani ya bahari yaliyolala kufuata upande yalikokwenda maji, na katikati ya hayo yote, malundo ya mawe. Ni malundo madogo, hayafiki magotini, mawe ya matumbawe yaliyoshika ukijani, mengine yamezungushiwa vijiti vilivyooza ncha. Mgeni aliyetoka hotelini na kamera yake huyapita akidhani ni mabaki ya ukuta, au kwamba bahari yenyewe imeyarundika hapo. Chini ya kila lundo kuna makumbi ya nazi. Ameyafukia mwanamke ambaye mawe yale anayajua moja moja, na yatakaa humo miezi sita au zaidi, maji ya chumvi yakiingia na kutoka, mpaka nyama ya kumbi ioze na ubaki uzi. Siku ya kuyafukua, uvundo wake hufika mbali. Kisha yatapigwa kwa gongo juu ya jiwe, yatachambuliwa, usumba utaanikwa juani, na jioni barazani utasokotwa kati ya viganja viwili mpaka uwe kamba. Ukipita wakati huo utasikia mazungumzo ya harusi, ya ugonjwa, ya bei ya mchele, na mikono haisimami hata mara moja.

Nimeyafikiria sana malundo hayo, kwa sababu yamebeba swali ambalo vijiji vyetu vya pwani huulizwa kila siku na bado havijalijibu: nani mwenye pwani? Hakuna lundo lenye jina. Hakuna hati, hakuna muhuri, hakuna uzio. Ukiuliza mtu anajuaje kwamba lile ni lake na hili la jirani, utajibiwa kwa swali: na wewe mwanao unamjuaje kati ya watoto wa chuoni? Haki hiyo inakaa katika kumbukumbu za watu, na inalindwa na haya ya kumwibia mtu ambaye kesho mtakaa naye mkeka mmoja msibani. Mara mbili kwa siku bahari huifunika nchi hii ikawa si ya mtu, na mara mbili huirudisha, na kila mwenye chake hukikuta pale alipokiacha. Vizazi kwa vizazi wameishi hivyo, wakimiliki kitu ambacho nusu ya siku hakionekani. Sijui namna ya kumiliki iliyo tulivu kuliko hiyo, wala iliyo rahisi kuvunjwa.

Sheria ya nchi hii ni mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo huja bamvua, maji yakapanda na kushuka karibu mita nne, na kwenye saa nne, saa tano asubuhi uwanja wote huwa mkavu hadi mbali. Hizo ndizo siku za kazi. Wanawake hushuka na ndoo, na mafimbo ya kuchokolea pweza, na vikapu vya kome na chaza, na mapolo ya mwani. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na hapa mvuvi mara nyingi ni bibi aliyejifunga kanga kiunoni, anayesoma tundu la mwamba kwa vigamba vilivyotupwa mlangoni pake. Mwezi ukifika nusu huja maji mafu, bahari ikawa haijai sana wala haipwi sana, na kijiji hupumzika au hugeukia uwandani, kwenye ardhi ya mawe nyuma ya nyumba, ambako muhogo hupandwa katika vishimo vya udongo kati ya jiwe na jiwe. Saa ya kupwa haikai mahali pamoja. Kila siku husogea mbele dakika hamsini hivi. Kwa hiyo hakuna asubuhi ya kazi wala jioni ya kazi, kuna maji ya kazi. Utalii umekuja na saa nyingine, ya ukutani: kifungua kinywa mpaka saa nne, kuondoka vyumbani saa nne, kuingia saa nane. Yuko mwanamke ambaye hutandika vitanda na pia ana kamba zake za mwani baharini, na wiki ya bamvua saa hizo mbili humvuta kila moja upande wake.

Mwani wa kupandwa ulianza hapa mwaka 1989, mbegu yake ikitoka Ufilipino, na Paje na Jambiani ndivyo vilivyokuwa vijiji vya mwanzo kuupanda. Tangu hapo pwani imepata mistari: safu za vigingi vifupi na kamba zilizokazwa baina yake, ambazo kwa mbali, maji yakiwa ya magotini, huonekana kama mtu ameipigia bahari rula. Karibu ni kitu kingine. Kila baada ya shubiri kuna kijikamba chembamba cha plastiki, wenyewe hukiita taitai, na ndani yake hutiwa kichane cha mwani mbichi, hufungwa fundo ambalo vidole hulifunga bila jicho kutazama, kwa kuwa jicho liko kwa mtoto aliyechutama kwenye dimbwi la jirani akitafuta kaa. Fundo likibana, shina hukatika. Likilegea, wimbi la usiku hulichukua. Mtu huketi ndani ya maji, guo likamwelea pembeni, akafunga kamba moja hadi mwisho, akasogea, akaanza ya pili, na mgongo wake huinama kwa saa nyingi kuliko unavyosimama. Baada ya wiki sita hivi huvuna. Polo lililojaa mwani mbichi hulemea hata kulikokota ndani ya maji. Likitoka nje hubebwa kichwani hadi penye kuanikwa, na mzigo wa watu wawili, ukikauka, hubaki wa kubebwa na mtoto.

Ukishakauka husafiri. Hutolewa ndani yake kitu cha kugandishia, karajinani, kinachotiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi, na mgeni anayepiga mswaki asubuhi katika chumba kinachotazama bahari huenda kinywani mwake mna jasho la mama anayemwona kupitia dirisha. Bei haijawahi kuwa ya haki. Kilo nzima ya mwani mkavu wa aina ya spinosamu haifikii bei ya glasi moja ya juisi katika hoteli iliyo hatua chache kutoka ulipoanikwa. Hata hivyo fedha hiyo ilikuwa na sifa ambayo wanawake wa pwani hii wataisimulia mpaka mwisho: iliingia mkononi mwao wenyewe. Kwayo walinunua madaftari na sare za skuli, wakaezeka bati, wakachangia harusi bila kuomba. Nyumba nyingine za kijiji hiki zimesimama juu ya mafundo ya taitai, na sidhani kama kuna mnara wa ukumbusho unaostahili heshima zaidi ya nyumba hizo.

Halafu bahari ikapata joto. Aina iliyokuwa na bei nzuri zaidi, kotonii, ilianza kufa katika maji ya kina kifupi. Matawi yake hugeuka meupe, yakalainika, yakakatika. Iliyobaki kustahimili ni spinosamu, ambayo bei yake ni ya chini. Kuna walioihamishia kotonii maji ya kina, lakini huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na mama zetu wengi wamezeeka baharini bila kufundishwa kuogelea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawa wameinama miaka zaidi ya thelathini, na mvungu wenyewe sasa unazidi kushuka.

Wakati huohuo ukaja mtazamo mwingine wa pwani ileile. Picha zinazouza Jambiani, Paje na Bwejuu hupigwa maji yakiwa yamejaa: bahari ya rangi tatu, ngalawa imetweka tanga, mnazi umeinama. Hakuna anayepiga picha ya kuuza wakati wa kupwa. Kwa hiyo mgeni hufika, huamka kesho yake, akafungua pazia akakuta bahari haipo, akateremka kuuliza mapokezi itarudi saa ngapi. Swali lake si la ujinga, ni la mtu aliyeahidiwa kitu kimoja akapewa cha pili, na naamini kile cha pili kina thamani kubwa kuliko alichoahidiwa. Lakini baadhi ya wenye hoteli, badala ya kumweleza, huona vigingi vinaharibu mandhari na malundo yanamkwaza mtu miguu. Huko Paje, kusi linapovuma katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia mwishoni mwake, anga hujaa matiara makubwa ya wacheza kaiti, kwa kuwa maji tulivu ya ndani ya mwamba yanayoufaa mwani ndiyo yanayoufaa mchezo huo. Upepo mmoja, maji mamoja, na juu ya kichwa cha mama anayefunga taitai inapita kamba ya mtu anayeruka kwa furaha. Simchukii anayeruka. Nataka tu aliye juu ajue kuwa anapita juu ya shamba la mtu.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wakasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili ziliishi pamoja bila kugombana kwa sababu mgeni wa zamani alikuwa mtu mmoja. Alipokewa, akaoga, akalishwa, na siku ya tatu aliingia katika kazi za nyumba, akawa si mgeni tena. Kama alikuwa na jambo lake la kuponya, dawa au habari au fedha, aliliacha pale. Mgeni wa leo haifikii siku ya tatu. Hata akikaa wiki, anayekuja kulala kitanda chake Jumamosi ni mwingine, naye yuko siku ya kwanza. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki sita, na kwa kijiji cha ufukweni maana yake ni kwamba neno karibu limekuwa la kila siku, tabasamu halina pumziko, na lile jembe limebaki limesimamishwa mlangoni. Mwenyeji asiyefika siku ya tatu huchoka kwa namna ambayo hawezi kuieleza, kwa kuwa ukarimu ni dini yake na kulalamikia mgeni ni aibu. Utauona uchovu huo katika vitu vidogo: bibi anayegeuza uso kamera inapoinuliwa bila kuombwa, imamu anayetazama chini mtu mwenye nguo ya kuogelea anapokatisha mbele ya msikiti, mtoto aliyejifunza kuomba pipi kabla hajajifunza kuamkia.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni la chini ya ardhi. Upande huu wa Unguja hauna mito. Mvua hupenya kwenye mawe, na maji matamu hukaa huko chini yakielea juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka baharini, utandu mwembamba unaotegemea kutochokozwa. Ukivuta polepole, utapata maji ya kunywa. Ukivuta kwa pupa, chumvi hupanda, na kisima kilichochimbwa na babu huonja bahari. Mtafiti Stefan Gössling aliwahi kupima matumizi ya maji pwani hii ya mashariki, na mwaka 2001 alichapisha kwamba mgeni mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, pamoja na bustani na bwawa la kuogelea analochangia, na mwenyeji lita 48. Bwawa la kuogelea, hatua hamsini kutoka baharini. Kila nikiifikiria hesabu hiyo huona ile nchi ya malundo imerudiwa chini ya miguu yetu: kitu kingine cha wote kisicho na uzio, ambacho kimedumu kwa sababu kila mmoja alichota akimkumbuka mwenzake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali, na hata kabla ya hapo desturi ya kisiwa ilimtenga mwenye ardhi na mwenye mti. Mtu aliweza kuwa na minazi kumi kwenye uwanja usio wake, akaila na kuirithisha. Ndivyo ilivyokuwa kwamba ukanda wa mchanga ulipoanza kutolewa kwa wawekezaji, aliyelipwa mara nyingi alilipwa miti yake. Mnazi una idadi, unahesabika, unapatiwa bei. Lakini nani angehesabu njia ya kushukia pwani, iliyopita katikati ya minazi hiyo? Nani angelipa kivuli cha kutengenezea dema, mahali pa kuvutia ngalawa, mchanga wa kuanikia mwani? Hivi havikuuzwa na mtu yeyote, na vingine leo havipo. Ukuta umepanda kushoto, ukuta umepanda kulia, na kati yake kimebaki kichochoro ambacho mwanamke mwenye polo kichwani hupita upandeupande. Nalisema hili bila kupindapinda: njia za pwani za kila kijiji ziandikwe, zipimwe, zisimikiwe mawe ya mpaka kabla ukuta mwingine haujajengwa, na masheha wapewe nguvu ya kuzilinda. Upana wa njia upimwe kwa watu wawili wanaopishana, kila mmoja na mzigo wake kichwani.

Sitaki nieleweke kwamba natamani wageni wasije. Vijana wa Kikadini na Kibigija, shehia za Jambiani, wamepata kazi wasizozipata baba zao, wapo wapishi na wahasibu na manahodha wa kuwapeleka watu mwambani, na wapo waliotoka bara, na Wamasai wenye shanga zao, ambao kijiji kimewapokea na kuwapangisha vyumba. Mwaka 2020 corona ilipozisimamisha ndege, ndipo ilipoonekana nani ana nini. Hoteli zilifungwa, waliotoka mbali wakarudi kwao, na kwenye ufukwe uliokuwa na viti vya kulalia ukabaki mchanga mtupu. Bahari ilipwa na kujaa kwa saa zake. Aliyekuwa bado na dema lake, aliyekuwa hajang'oa vigingi vyake, ambaye mama yake alikuwa na lundo la makumbi ndani ya maji, alikuwa na pa kuanzia asubuhi. Aliyekuwa ameviacha vyote alisimama pwani mikono mitupu, katika kijiji alichozaliwa. Usiache mbachao kwa msala upitao: watu waliikumbuka methali hiyo mwaka ule kwa uchungu, na baadhi yao walirudi majini. Kisha wageni wakarudi, kwa wingi kuliko kwanza, na kumbukumbu ikaanza tena kufunikwa.

Kinachonitia hofu zaidi ya bei na ukuta ni kwamba ujuzi huu wa maji na mawe hauandikwi popote. Binti anayejua saa ya ndege kutua lakini hajui bamvua inaanza lini hajapotoka. Amejifunza kilichokuwa na malipo. Lakini mawe ya bibi yake yatakapokuwa hayana wa kuyatambua yatakuwa mawe tu, na hapo atakayesema yaondolewe kwa kuwa yanamkwaza mgeni hatakuwa na wa kumpinga. Haki iliyokaa katika kumbukumbu hufa siku kumbukumbu inapokatika, bila kesi, bila mnada, bila hata mtu kuiona ikiondoka.

Na bado kuna yanayonipa moyo. Paje kuna wanawake wanaousaga mwani wao wenyewe wakautengenezea sabuni zenye karafuu na mchaichai, wakauza kwa bei wanayoipanga wao, na wageni wanaotaka kuona huchukuliwa mpaka shambani. Huko mtu aliyelipia chumba chenye mandhari ya bahari hukunja suruali, huingia kwenye maji ya magotini, hupewa kichane cha mwani na kamba, akafundishwa fundo. Hulibana mno, shina likakatika. Mwalimu wake, mtu mzima wa umri wa mama yake, hulifungua, humpa kichane kingine na kumwambia aanze upya, na kwa muda ule wote mgeni huyo ameshika jembe. Akitaka kurudi kesho aendelee, hataambiwa njoo saa nne kama leo. Ataambiwa aje maji yakipwa, naye itambidi amuulize mwenye shamba ni lini.